Mchanga wa Pwani Hupandishwa Mlimani: Maneno kwa Wasafiri wa Yakushima

Bi Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, dada zangu na kaka zangu, na ninyi watoto ambao naona viti hivi vimeshaanza kuwachosha. As-salaam alaykum, na Bwana asifiwe. Ndugu wa Goma na Bukavu, jambo sana.

Nimeombwa niseme machache kuhusu Yakushima, kisiwa cha Japani tunachokwenda kukitembelea, kabla hatujaondoka. Wiki nzima hii simu yangu imepokea swali moja tu: ule mti mkubwa, Jomon Sugi, tutauona siku gani? Nalielewa swali hilo, kwa sababu nami nilipokwenda mara ya kwanza sikuwa na jingine moyoni. Nilikuwa mwanafunzi Kagoshima, huko huko Japani, nina siku mbili za mapumziko na pesa za kubana. Nilishuka melini jioni, nikalala kidogo, saa tisa na nusu usiku nikaamshwa. Nikatembea saa kumi na moja ndani ya mvua, nimevaa koti la plastiki lililochanika kwapani hata saa mbili asubuhi haijagonga. Mti niliuona. Nilisimama mbele yake dakika tano, ukungu umeufunika nusu, nikapiga picha tatu, nikageuka mbio kuwahi basi la mwisho. Kesho yake nilikuwa darasani. Nimerudi mara nne tangu siku ile, na kila nikirudi naumia kwa yale niliyoyapita bila kuyaona.

Kwa hiyo leo nina ombi moja kwenu. Nendeni mkakione kisiwa. Mti mtaukuta humo humo.

Yakushima kipo kiasi cha kilomita 60 kusini mwa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, katika mkoa wa Kagoshima. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 504, yaani nusu ya Pemba, na karibu ni mviringo. Barabara ya kukizunguka ni kama kilomita 100. Wenzetu wa Unguja na Pemba wakisikia kisiwa hufikiria ardhi ya chini, minazi na mashamba. Futeni picha hiyo. Hiki ni mlima uliosimama baharini. Kilele cha Miyanoura kina mita 1,936, na hakuna kingine kirefu kukishinda katika eneo lote la Kyushu, wala hakiko peke yake: vilele vilivyopita mita 1,000 ni zaidi ya 40. Ukisimama kijijini pwani mara nyingi huvioni, kwa sababu milima ya mbele inaikinga ile ya nyuma. Wenyeji wana majina mawili: maedake, milima ya mbele, na okudake, milima ya ndani.

Sasa upepo wenye unyevu wa bahari ukija, ukakuta ukuta wa namna hiyo, hauna njia ila kupanda, na ukipanda unapoa, na ukipoa unamwaga maji. Ndiyo maana wenyeji husema mvua yao hunyesha siku 35 kwa mwezi. Pwani hunyesha zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, na ndani milimani hufika 8,000 hata 10,000. Dar es Salaam, kwa kulinganisha, hupata kama 1,100. Maji hayo ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme wa kisiwa, karibu wote. Basi asiyependa kulowa aamue leo, nafasi yake yupo wa kuichukua. Na mwenye kuja, tafadhali anunue koti la mvua la kweli, suruali peke yake na koti peke yake. Mwamvuli uacheni nyumbani.

Kwa sababu ya urefu huo, ukipanda kutoka pwani hadi kileleni ni kama umesafiri nchi nzima. Chini kuna miti inayoteremsha mizizi kutoka matawini hadi ardhini, na kwenye mdomo wa mto Kurio kuna mikoko. Ndiyo, mikoko, nikaigusa kwa mkono nikakumbuka nyumbani. Juu kabisa, wakati wa baridi, kuna theluji. Katikati ya mikoko na theluji ndipo ulipo msitu tunaoujia. Mwaka 1993 UNESCO iliingiza sehemu ya kisiwa katika Urithi wa Dunia, miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa ya Japani kuingia.

Lakini kabla ya msitu nataka niwaeleze habari ya mchanga.

Wazee wa Yakushima walikuwa na msemo juu ya maisha yao: baharini siku kumi, shambani siku kumi, mlimani siku kumi. Mtu mmoja alikuwa mvuvi, mkulima na mkata mbao, kwa zamu. Na kila kijiji kilikuwa na mlima wake. Kuna ibada inaitwa takemairi, maana yake ni kuuzuru mlima, majira ya kuchipua na tena majira ya kupukutika majani. Kijiji huchagua watu wachache wa kukiwakilisha. Zamani walikuwa wanaume peke yao. Alfajiri hushuka ufukweni, huchota mchanga uliooshwa na maji ya bahari, wakautia ndani ya kipande cha mwanzi. Halafu huanza kupanda, pamoja na chumvi, mchele na shochu, ile pombe yao ya viazi vitamu. Kileleni kuna kibanda kidogo cha jiwe. Hapo humimina ule mchanga, huomba kwa ajili ya kila nyumba iliyobaki chini, na wakirudi huja na matawi ya shakunage, kichaka cha milimani chenye maua ya waridi na meupe, ili waliobaki nao wapate kitu kutoka juu.

Vijiji vingi viliiacha ibada hiyo, vingine vimeirudisha. Mimi niliwaona waliorudi, mara yangu ya tatu, katika kijiji kimoja cha kusini. Mzee mmoja alikuwa bado ameshika kile kipande cha mwanzi, kitupu, na chembe za mchanga zilikuwa zimeganda kwenye vidole vyake kwa unyevu. Hakuzipangusa. Aliniambia kwamba mlima ukisahauliwa na bahari, mto nao hukosa wa kumtumikia. Nililala nikilifikiria neno lile. Mimi ni mtoto wa pwani, nimelelewa na watu waliojua mwezi na maji kuliko kalenda, na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuubeba ufukwe mkononi akaupeleka kilele cha mita elfu na zaidi kwa sababu ya adabu tu.

Sasa miti. Mti wenyewe ni sugi. Wazungu huuita mwerezi wa Japani, lakini kwa ukoo uko karibu zaidi na mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania. Sugi hupandwa Japani yote. Ule wa Yakushima ni mwingine kwa sababu ya mahali: kisiwa ni jiwe la itale, udongo ni kidogo, mvua inaosha kila rutuba, kwa hiyo mti hukua polepole mno. Pete zake hubanana, utomvu unajaa ndani, na mbao yake haiozi upesi. Magogo yaliyoangushwa enzi za samurai bado yamelala msituni na mafundi wametengeneza vyombo kutokana nayo. Mti uliotimiza miaka 1,000 huitwa yakusugi. Ambao haujatimiza huitwa kosugi, sugi mdogo. Yaani mti wa miaka 800, huko ni mtoto.

Msidhani msitu huu haukuwahi kuguswa. Hapo ndipo watu wengi hukosea, hata vipeperushi vya utalii vinakosea. Hapo kale wenyeji waliogopa kuikata miti ile, kwa kuwa ilikuwa ya miungu ya mlima. Lakini kisiwa hakina mabonde ya kulima mpunga wa kutosha, na watawala wa Satsuma, jimbo la zamani lililokitawala kisiwa hiki, ukoo wa Shimazu, walitaka kodi. Karne ya 17 akatokea mtu wa kijiji cha Anbo aitwaye Tomari Jochiku, mtawa na mwanachuoni, aliyekuwa karibu na watawala hao. Inasimuliwa kwamba aliwaondolea watu hofu kwa njia hii: egemeza shoka lako kwenye mti jioni, nenda kalale. Ukirudi asubuhi ukalikuta limesimama bado, mungu ameruhusu, kata. Likiwa limeanguka, uache. Tangu hapo watu walipasua sugi kuwa vibao vyembamba vya kuezekea, wakavishusha mgongoni hadi pwani, na vibao hivyo ndivyo vilivyokuwa kodi yao badala ya mchele.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Ili upate kibao unahitaji mti ulionyooka, unaopasuka bila ubishi. Mti wenye mafundo, uliojisokota, wenye matumbo na mashimo, fundi aliupita. Kwa hiyo miti mikubwa mtakayoiona leo, ile inayopigwa picha na dunia nzima, mingi ni ile iliyokataliwa. Jomon Sugi wenyewe, bibi yao wote, una unene wa mita 16.4 kuuzunguka na urefu wa mita 25.3 tu. Mfupi kwa unene ule! Umejaa vinundu kama kiwiko cha mzee. Shoka halikuuona kama mali.

Umri wake watu wanabishania. Mtasikia miaka 7,200. Vipande vilivyopimwa maabara vilitoa kama 2,170, na ndani ya shina ni tundu, kwa hiyo kilichokuwa katikati hakipo tena. Wanaoipinga hesabu ile kubwa wana hoja nzuri: kiasi cha miaka 7,300 iliyopita volkano ya Kikai, karibu sana na kisiwa hiki, ililipuka kwa nguvu za kutisha na moto wake ulivuka bahari ukafika Yakushima. Mimi nawaambia miaka 2,000 inatosha kumfanya mtu anyamaze.

Siku ya kupanda mlima kuufuata mti huo, kwa watakaojiandikisha, ni siku ngumu, sitawadanganya. Kwenda na kurudi ni kilomita 22, saa kumi. Kuanzia Machi hadi Novemba magari binafsi hayaruhusiwi kwenda mwanzo wa njia ya Arakawa, tutapanda basi. Tutachangia yeni 1,000 kila mtu kwa ajili ya kutunza njia na vyoo. Na kuhusu vyoo: ni vichache, kwa hiyo kila mmoja atabeba mfuko maalumu wa choo, na atakachokiweka humo atashuka nacho. Msione haya kuuliza unavyotumika, nitawaonyesha wanawake na kaka mmoja atawaonyesha wanaume.

Kilomita nane za kwanza mtatembea juu ya reli. Ni reli nyembamba ya magogo, ilijengwa kushusha mbao. Msiipite kwa haraka, nawasihi. Si mbali na mwanzo mtakuta mahali paitwapo Kosugidani. Palikuwa kijiji cha wakata miti, wakati wa kujaa kwake kilikuwa na watu zaidi ya 500, kina shule, kina duka, kina watoto waliozaliwa humo. Mwaka 1970 kilifungwa, watu wakashuka wote. Leo mtaona ngazi za mawe za shule na uwanja ambao sugi wachanga wameota ndani yake. Mara ya kwanza nilipita hapo gizani na taa kichwani, nikidhani ni pori tu.

Mbele kidogo kuna Sandaisugi, maana yake sugi wa vizazi vitatu. Wa kwanza aliishi miaka 1,200 akaanguka. Wa pili akaota juu ya mwili wake, akaishi miaka 1,000, akakatwa. Wa tatu akaota juu ya kisiki cha wa pili, naye sasa ana miaka 500. Na baada ya kuiacha reli, mkipanda, mtakifikia kisiki cha Wilson, kilichopewa jina la Ernest Henry Wilson, mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyefika mwaka 1914 na kuitangazia dunia habari zake. Inasemekana mti huo ulikatwa kama mwaka 1586 kwa amri ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo. Ndani mna uwazi wa chumba kizima, mna kijito cha maji baridi na hekalu dogo. Vijana watatafuta kona ambapo ukiangalia juu tundu linakuwa umbo la moyo. Wapigeni picha. Lakini na nyinyi mkae kimya dakika moja msikilize yale maji, kwa sababu mmesimama ndani ya mti.

Wasiotaka safari ya saa kumi watakwenda Shiratani Unsuikyo, na wala hawatapungukiwa. Huko ni mto, mawe, na kuvumwani, ule ujani laini unaovaa kila kitu hadi hujui wapi jiwe linaishia na mzizi unaanzia. Kisiwa kina zaidi ya aina 600 zake. Nendeni mvua ikinyesha, ndipo rangi inapowaka. Msiukanyage. Nyayo moja inachukua miaka kupona.

Upande wa magharibi barabara inaingia katika eneo la urithi lenyewe, inabana, haina nyumba. Huko ni kwa kima na paa. Zamani walisema kisiwa kina watu elfu ishirini, kima elfu ishirini, paa elfu ishirini. Watu sasa ni kama 12,000. Simamisheni gari, zimeni injini. Kima wakiwa juu mtini wanakula, majani na matunda yanaanguka, na paa wamesimama chini wanayaokota. Nilikaa pale saa nzima. Msiwape chakula hata kipande cha ndizi, kwa sababu kima aliyelishwa na mgeni ndiye atakayevamia shamba la machenza la mwenyeji.

Sasa kasa. Tunakwenda mwisho wa mwezi wa tano, na huo ni msimu. Ufukwe wa Nagata, kaskazini magharibi, ni miongoni mwa mahali muhimu kuliko pote kaskazini mwa Pasifiki kwa yule kasa mwenye kichwa kikubwa, ambaye wavuvi wa kwetu humwita duvi. Tangu 2005 ufukwe huo umo katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu duniani. Vitoto vinavyoanguliwa pwani za Japani huogelea hadi Meksiko kukulia huko, na miaka mingi baadaye majike hurudi kutaga upande huu. Zamani watu wa Nagata walifukua mayai, wakala na kuuza, kama ilivyokuwa katika fukwe nyingi za kwetu. Leo ni wao hao wanaokesha kuyalinda. Usiku tutashuka na mwongozaji tu, bila tochi, bila simu, bila kunong'ona. Wazazi, mtoto asiyeweza kunyamaza abaki hotelini na mmoja wenu. Nilimwona duvi mmoja akitaga, na kile nilichokisikia kuliko vyote kilikuwa pumzi yake: nzito, ya mtu mzima anayefanya kazi.

Kwa chakula, kuleni samaki arukaye, panzi wa baharini, anayekaangwa mzima na mabawa yake yamesimama. Na kuna kibua ambaye huvunjwa shingo papo hapo anapovuliwa ili damu itoke na nyama ibaki imara hata kwa kuliwa mbichi. Kijapani anaitwa saba, watoto watafurahi. Shochu ipo pia kila mahali, wasiokunywa waulize kabla ya kupokea gilasi, kwa sababu wenyeji ni wakarimu.

Ukarimu huo ni wa zamani. Mwaka 1708, Japani ikiwa imefunga milango kwa wamisionari na adhabu yake ni kali, padre Mwitalia Giovanni Battista Sidotti alishushwa pwani ya kusini ya kisiwa hiki, amevaa kama samurai. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mwanakijiji. Sidotti akaonyesha kwa mikono kwamba ana kiu, na yule mtu akampa maji, baadaye akamkaribisha nyumbani akamlisha. Wakuu walimkamata, akapelekwa Nagasaki na kisha Edo, Tokyo ya leo, ambako mwanachuoni Arai Hakuseki alimhoji na kujifunza kwake mengi kuhusu dunia. Alifia kifungoni mwaka 1714. Mimi huwa nakwenda kijiji cha Koshima, karibu na aliposhukia, kwa ajili ya yule aliyempa maji.

Kuhusu maji ya moto ya Hirauchi: yapo kwenye miamba ndani ya bahari, maji yakijaa hufunikwa kabisa, yakipwa hutokea, kwa saa chache tu, mara mbili kwa siku. Hapa watu wa pwani hamhitaji kufundishwa. Ila jueni mapema kwamba wanaume na wanawake huoga pamoja na nguo za kuogelea haziruhusiwi. Wanawake huweza kujifunga taulo. Asiyetaka akae juu ya miamba aangalie jua likizama, hakuna atakayemshangaa.

Nimalizie na Mzee wetu aliyeniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama magoti yake yatamruhusu. Mzee, njia ya Anbo inapanda kwa lami hadi juu, na huko kuna mti unaitwa Kigensugi. Unakadiriwa miaka 3,000, na juu yake imeota miti mingine kama bustani. Uko kando ya barabara. Siku ile wenzetu watakapokuwa wanatembea relini, wewe na mimi tutapanda gari, tutabeba chai ya tangawizi kwenye chupa, na tutakaa na mti huo kutwa. Nimeshaomba viti viwili vya kukunja.